Mwendo wa jioni na mdogo wangu

Mdogo wangu wa kiume anaishi na skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili unaomfanya asikie sauti zisizokuwepo. Dawa yake, olanzapini, imezituliza sauti hizo, lakini ilimletea njaa isiyoshiba. Suruali zote zikambana. Shirika la Afya Duniani linasema wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, wengi kwa moyo na kisukari. Hilo lilinikosesha usingizi.

Zile dakika 150 za mazoezi kwa wiki ambazo shirika hilo huwashauri watu wazima tumezigawa: jioni, kabla ya kidonge cha usiku kumlevya, tunatembea hapa Tanga, kutoka Chumbageni kuelekea Raskazone, ufukweni. Siku sauti zikirudi tunaishia kwa muuza kahawa, na hiyo pia ni safari. Dawa hatukuacha, nawasihi nanyi msiache kwa sababu ya kitambi, mwambieni daktari. Sasa anadai kuogelea. Tutaenda Jumamosi, maji yakijaa.