Haidrenjia ya porini Karura? Tazama majani kwanza

Wapo wanaodhani wameona haidrenjia ya porini, kichaka chenye maua yaliyojikusanya kama mpira, katika msitu wa Karura hapa Nairobi. Haimo Karura, haimo msitu wa Ngong Road, haimo msitu wowote wa Kenya. Kwao ni Asia na Amerika. Hydrangea arborescens, kwa mfano, humea kwenye misitu ya mashariki mwa Marekani, hasa miteremko yenye unyevu na kingo za vijito. Zile za bluu na waridi zinazouzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara hapa Nairobi ni maua ya bustani tu.

Basi ule mpira wa maua meupe au ya waridi unaowasimamisha watu njiani ni nini? Dombeya ndiyo ya kushuku kwanza. Dombeya burgessiae ni kichaka cha mita 2 hadi 4 hivi. Dombeya torrida ni mti kamili wa nyanda za juu, ambao Wakikuyu huuita mũkeũ. Zote mbili ni ukoo mmoja na bamia na mbuyu, wala hazina udugu na haidrenjia.

Kosa la wengi ni kupiga picha ya ua peke yake. Programu ya simu ya kutambua mimea ikiona mpira wa waridi bila majani, haina pa kushika. Fuata tawi kwa jicho: majani ya haidrenjia hutoka mawili mawili yakitazamana, ya dombeya hupishana, moja huku, jingine juu yake upande wa pili. Kisha lipapase jani. La dombeya ni pana, lina umbo la moyo, na lina vinyweleo kama bamia changa. Mwisho chungulia ua lenyewe. Dombeya ina petali 5 za kweli. Kwenye haidrenjia ya bustani kinachong'aa ni sepali (vijani vya nje ya ua), kwa kawaida 4, na ua halisi ni kitone kidogo katikati. Ukiona bluu, usijisumbue: dombeya haina rangi hiyo.

Usipoteze muda ndani ya kivuli kizito. Dombeya hupenda mwanga, kwa hiyo kagua ukingo wa msitu, kando ya njia pana, na mahali mti mkubwa ulipoanguka ukaacha uwazi. Asubuhi yenye mawingu ni bora kuliko jua la saa sita, maana maua meupe huungua kwenye picha. Punguza mwangaza wa kamera kabla ya kubonyeza. Piga picha 4: kichaka kizima, kifundo cha tawi (pale majani yanapotokea), mgongo wa jani, ua kwa karibu. Baada ya mvua, tazama pia chini, siafu hawana subira na mpiga picha. Na usivunje tawi.

Maua ya dombeya yakishakauka hayadondoki upesi. Petali hubaki zimeshika tunda, kahawia, kama karatasi iliyokunjwa, na mipira hiyo mikavu huitambulisha dombeya hata msimu wa maua ukiwa umepita.