Njia ya msituni ikikatika Aprili, usiahidi Julai

Kila masika yakipita kwenye milima ya Usambara, kuna njia ya matembezi itakayokuwa imekatika, na waongoza watalii wa Lushoto watauliza itafunguliwa lini. Mara nyingi wanajibiwa "wiki tatu", na anayejibu hivyo amehesabu vibarua na majembe tu. Hesabu inayoshika inaanzia kwenye mvua na mawe.

Chukua mfano wa kawaida: njia ya kilomita nne ubavuni mwa mlima, upana mita moja. Imeporomoka sehemu tatu, jumla mita 180, na kati ya hizo mita 40 zinataka ukuta wa mawe. Daraja la miti la mita nane limechukuliwa na kijito. Una vibarua 12 na mafundi wawili, nguvu inayotosha kabisa. Hata hivyo, kama ardhi ilishuka Aprili, mimi ningetangaza mwisho wa Januari.

Mei usichimbe. Udongo mwekundu wa mfinyanzi ukiwa umelowa haushindiliki. Ukiupiga unabonyea na kuteleza, na kiangazi unapasuka. Funga njia pande zote mbili, kwa miti na kibao chenye maelezo, la sivyo watu watazunguka poromoko na kukufungulia njia ya mkato ambayo mvua inayofuata itaigeuza korongo. Chepusha maji yanayoingia kwa juu. Kisha pigilia vigingi viwili, kimoja juu ya ufa ulioachwa na poromoko na kingine chini yake, upime umbali wao kila wiki. Wiki nne bila badiliko, ardhi imetulia. Ukiongezeka hata sentimita moja, usijenge hapo: ukuta utaondoka na mlima. Hamisha njia. Na lazima mtu aitembee njia yote mvua ikinyesha, akiweka alama kila mahali maji yanapoingia na yanapotokea. Juni ukiwa mkavu hutayaona tena.

Juni ni ya vipimo na vibali. Msitu wa hifadhi kama Magamba uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na huwezi kukata mti, kutoa mawe wala kuhamisha njia bila ruhusa. Weka wiki sita hadi nane. Barua iseme mawe yatatoka wapi na ni mita za ujazo ngapi. Bila hayo utarudishiwa maswali, na kila swali ni wiki nyingine. Wakati huohuo mahindi ya masika yanavunwa, kwa hiyo vibarua unaowategemea wako mashambani kwao.

Mawe ndiyo yanayokula siku. Ukuta wenye kimo cha mita 1.2, unene sentimita 60 chini na 40 juu, unameza mita za ujazo 0.6 kwa kila mita ya urefu. Kwa mita 40 ni mita za ujazo 24, karibu tani 40. Mtu mmoja anabeba kilo 25 kwa usalama, kwa hiyo ni safari 1,600. Kama mawe yako nusu kilomita kutoka kazini, vibarua 12 wakienda safari 11 kwa siku kila mmoja, watamaliza kwa siku 12, na hapo hakuna jiwe hata moja lililopangwa. Mafundi wawili wanahitaji siku kumi nyingine za kupanga, baada ya siku tatu au nne za kuchimba msingi hadi udongo mgumu ambao haukuguswa na poromoko. Ukuta uelemee mlima, na kila mita moja kuwe na jiwe refu linalopita kutoka uso wa mbele hadi nyuma. Mafundi wa nyumba watakushawishi uweke saruji. Kataa, au angalau weka mabomba ya milimita 50 kila mita moja na nusu, maana ukuta usiopitisha maji husukumwa na maji yaliyo nyuma yake hadi unapasuka tumbo. Nyuma yake jaza kokoto, kisha udongo kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikishindiliwa. Matawi hayafai kujazia: yanaoza na kuacha shimo.

Kuchonga njia kwenye mita 140 zilizobaki ni kazi nyepesi: mtu mwenye jembe na sururu hufanya mita nne kwa siku, pungufu penye mizizi. Ukingo wa nje uwe chini ya wa ndani kwa sentimita tano, na kila mita 15 hadi 20 njia ipande kidogo kisha ishuke tena, ili maji yatoke kabla hayajapata kasi.

Daraja nalo lina saa yake. Nguzo tatu za mkaratusi zilizotiwa dawa, unene wa sentimita 25 katikati, kila moja ina zaidi ya kilo 300 na hupandishwa na watu 12 kwa kamba. Vikalio vya zege vinahitaji siku saba kabla ya kulaza nguzo na 28 kabla ya kupitisha kundi. Vikae sentimita 60 juu ya alama ya mafuriko makubwa kabisa unayoiona ukingoni.

Yote hayo yanajaza Agosti na Septemba, ukipunguza Jumapili na siku za gulio. Oktoba vuli inaingia: weka majembe chini, panda nyasi za humo humo msituni kwenye kingo, na uache njia imefungwa. Udongo uliojazwa utashuka sentimita kadhaa mvua ikiulowesha, na pikipiki moja tu ikipita wakati huo inachora mfereji. Januari unajazia palipozama, unazibua mikondo, unafungua kwa waenda kwa miguu peke yao. Asilimia kumi ya fedha iwe bado ipo mkononi, kwa sababu Juni, baada ya masika ya kwanza, mafundi wawili watarudi kwa wiki moja kupanga upya mawe ya juu ya ukuta.