Moshi wa bluu: jinsi nilivyookoa injini yangu bila kuifungua yote

Pikipiki yangu ya kazi ni ya Kichina, injini yake imeigwa kutoka Honda CG125. Ilianza kula oili. Nikijaza leo, baada ya muda mfupi kijiti cha kupimia kinatoka kikavu. Nikikaza esanse nikiwa na mzigo kwenye barabara ya Sake, hapa kwetu Goma, Kongo, moshi wa bluu unanifuata nyuma na walioko kando ya njia wanafunika pua.

Fundi aliisikiliza kidogo tu akatoa hukumu: "Papa, bieli imekufa. Tufungue yote."

Bieli ni mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki, yaani mhimili unaozunguka ndani ya injini. Kufungua yote maana yake ni kushusha injini, kupasua tumbo lake na kupeleka kranki kwenye presi. Hiyo ni pesa ya kodi ya nyumba. Nikamwambia, "Kaka, tupime kwanza."

Moshi wenyewe unasema mengi ukiangalia saa unapotoka. Ukitoka asubuhi unapowasha tu, au unaposhuka mlima umeachia esanse, shuku sili za vali, vimpira vinavyozuia oili isipite kwenye vali. Wangu ulitoka wakati wa kuvuta, na hapo mara nyingi ni ringi, pete za chuma zinazozunguka pistoni. Tukafungua buji (plagi), tukapima kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, halafu tukadondosha oili kidogo kwenye tundu lile na kupima tena. Sindano ya kipimo ikapanda sana. Oili ilikuwa imeziba kwa muda mwanya ambao ringi zimeshindwa kuuziba. Kama kasoro ingekuwa kwenye vali, isingepanda hivyo. Namba ya kitabuni sikuihangaikia, kwa sababu Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi. Nilichotaka ni tofauti kati ya vipimo viwili.

Silinda ya injini hii inatoka bila kushusha injini kwenye fremu. Ilipotoka, nikashika bieli na kuivuta juu na chini. Haikucheza hata kidogo. Kwenda kando inacheza kiasi, na ndivyo inavyotakiwa. Fundi akaivuta mwenyewe, akanyamaza.

Ugonjwa ulikuwa kwenye silinda. Mikwaruzo ya kusimama ilionekana kwa macho, na karibu na ukingo wa juu kulikuwa na kidato kinachokwaza ukucha. Tukaingiza ringi peke yake ndani ya silinda, tukainyoosha kwa kuisukuma na pistoni, tukapima mwanya wa ncha zake: ulikuwa umepita nusu milimita. Silinda iliyoliwa hivyo hata ukiitia ringi mpya, moshi utarudi.

Hapa wengi hukosea mpangilio. Nunua pistoni kwanza, ndipo silinda ikakerezwe kwa kipimo cha pistoni ile ile mkononi. Ya asili ni milimita 56.5, nilipata Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, iliyoongezwa milimita 0.50. Silinda iliporudi niliiosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe, kwa sababu unga wa kukerezea ukibaki humo unasaga ringi mpya. Alama za ringi zikatazama juu, mianya yake tukaitawanya isifuatane.

Kabla ya kufunga nilitaka kujua vumbi lilipitia wapi. Mpira unaounganisha kichungi cha hewa na kabureta ulikuwa umepasuka upande wa chini, usioonekana ukiwa umesimama. Na vumbi letu si la udongo tu, ni mawe ya volkano ya Nyiragongo yaliyosagwa na magurudumu, yanakata chuma. Mpira mpya ulikuwa bei ndogo kuliko kitu kingine chochote nilichonunua.

Mwanzoni niliendesha bila mzigo, nikibadilisha mwendo mara kwa mara, na oili ya kwanza niliimwaga mapema. Ilitoka na chembe zinazong'aa, kama kawaida ya ringi zinazozoeana na silinda. Ya pili ilitoka safi, na kijiti bado kinasoma pale pale nilipojaza.