Namna nilivyopata mwendo wa XT500 yangu, Lubumbashi mpaka Likasi

Niko na Yamaha XT500 ya baba mdogo, aliniachia goti lilipokataa kupiga kiki, na kwa miezi karibu sita nilikuwa siipendi kabisa barabarani. Mjini haina shida, Katuba, Kamalondo, napita vizuri tu, lakini nikitoka kwenda Likasi, zile kilomita kama 120, nafika vidole vimekufa ganzi, hata kufungua kifungo cha jaketi siwezi. Nikadhani injini imekwisha. Kumbe injini nzima, mwendo ndio haukuwa wake.

Hii mashine ilitoka miaka ya katikati ya 1970, silinda moja, cc 499, na ndani hakuna ule uzito wa kuzunguka ambao pikipiki za siku hizi wanaweka kutuliza mtetemo. Pistoni yake ina upana wa milimita 87, kama kikombe cha chai, na kila mzunguko inapanda milimita 84 halafu inageuza njia inashuka, pale inapogeuza ndipo inatikisa fremu, gidoni (usukani) na wewe uliyekaa juu. Na ule mtikisiko haupandi polepole pamoja na mwendo, unapanda kwa mraba, yani ukitoka 80 ukaenda 100 kwenye gia ileile tayari umeongeza zaidi ya nusu nzima. Watu wananiambia eti hii ndiyo ilishinda Paris-Dakar ya kwanza, yale mashindano marefu ya jangwani, mwaka 1979, Cyril Neveu juu yake. Kweli ilishinda, na mimi naipenda zaidi kwa ajili hiyo, ila mtu wa mashindano anakubali maumivu ambayo mtu anayeenda kumsalimia mama yake hana sababu ya kuyakubali.

Siku iliyonifungua macho tulitoka watatu, wenzangu wana pikipiki mpya za silinda mbili, wao wako 110 wanaongea kwa ishara za mikono, mimi nyuma nang'ang'ana. Tulipofika Luishia, njiani, taa yangu ya mbele imekufa, waya wa balbu umekatika kwa kutetemeka, na bolti moja ya egzosi haipo. Kurudi nikarudi peke yangu, taratibu, ili nisikutwe na giza.

Nikaenda kwa mzee mmoja fundi kule Kenya (komini ya Kenya hapa kwetu, siyo nchi). Hakugusa kitu kwanza, akauliza:

"Mwanangu, ukiwa 80 unaona nini kwenye kioo?"

"Papa, sijawahi kuangalia."

"Nenda uangalie basi. Lakini ngoja kwanza tuhesabu meno."

Tukahesabu pinyo ya mbele, ile ndogo inayovuta cheni, ikawa na meno 14. Kuna mtu aliiweka zamani kwa ajili ya njia za porini, nguvu nyingi chini lakini kwenye lami injini inapiga kelele bure. Akanitafutia ya 16. Kwa mwendo uleule mizunguko inapungua sehemu moja ya nane, na hiyo peke yake niliisikia kabla hata sijatoka mtaani. Akafungua bujia pia, ile plagi ya cheche, nyeusi masizi matupu, akasema hapa tuko juu, zaidi ya mita 1,200, hewa nyepesi, esansi (petroli) inaingia nyingi kuliko hewa, akapunguza jeti kubwa ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha esansi, namba moja.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, asubuhi baridi kali, malori ya madini bado machache, nikafunga simu kwenye gidoni inipe mwendo kwa satelaiti. Jambo la kwanza kujua: kompteri yangu, ile saa ya mwendo, ikisema 90, kweli ni 82. Miezi yote hiyo nilikuwa najibishana na namba ya uongo.

Nikaanza 60, nikaongeza tano tano, kila mwendo naushika dakika mbili tatu bila kugusa kitu. Kwenye 60 gia ya tano inasukuma kwa mishtuko, cheni inapigapiga, injini haitaki. 70 sawa, ila lori linakukaribia nyuma na wewe huna raha. Halafu pale 80 kitu kikatulia, sijui niseme vipi, sauti ikawa nzito na ndefu, nikakumbuka maneno ya mzee nikatupa jicho kwenye kioo, na kioo kilikuwa safi! Niliona lori la nyuma mpaka kamba za turubai lake. Nikaenda 85, bado. 90, nyayo zikaanza kuwasha. 95, kioo kikawa ukungu mtupu na tangi linaungurumia magoti. Nikashuka 82 nikakaa hapo mpaka Likasi, na nilipofika kwa mama nilifungua jaketi mwenyewe.

Kurudi ilikuwa hesabu nyingine. Kiangazi upepo wetu unatoka kusini mashariki, na ukitoka Likasi kuja Lubumbashi ndio huohuo unaupokea kifuani, kwa 82 ileile mkono ulikuwa umezungusha gesi karibu mpaka mwisho. Nikashuka 76, injini ikapumua. Na breki zake ni za ngoma mbele na nyuma, ukiona baiskeli za makala (mkaa) zimepakia magunia zinayumba pembeni, hizo kilomita sita za kupunguza unazishukuru.

Kitu kimoja wenye hii pikipiki wanakosea, mafuta ya injini yanakaa ndani ya fremu, ikilala usiku yanateremka chini, asubuhi ukipima unaona kama yamepungua ukaongeza, yakazidi. Iwashe kwanza, iache izunguke dakika chache, ndipo upime.

Juzi nilimpakia mke wangu tukaenda wote. Akiwa nyuma kioo kinatulia mapema zaidi, 75 hivi, na baada ya hapo yeye ndiye ananigonga begani.