Nimerudi Kigoma, na Chuo cha Maofisa wa Meli Kianzie Melini

Nimerudi nyumbani Kigoma baada ya kukaa miaka 19 katika meli za mizigo, na miaka minane ya mwisho nilikuwa ofisa mkuu wa sitaha, yaani msaidizi wa kwanza wa nahodha. Kaka yangu alinipokea stesheni, akachukua begi, na kabla hatujafika Mwanga alikuwa amekwisha kuniuliza kama ni kweli nimekuja kufungua chuo cha ubaharia. Habari ilikuwa imenitangulia. Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilo sokoni, msikitini, kwenye misiba na kwenye mwalo wa Kibirizi, na kila anayeuliza ana mtoto, mpwa au mjukuu aliyemaliza shule na hana shughuli. Nimeona niandike jibu lote mahali pamoja, kwa sababu jibu fupi la ndiyo au hapana lingewapotosha watu ninaowaheshimu.

Ndiyo, nataka Kigoma iwe na chuo cha kuwaandaa maofisa wa meli za biashara. Lakini chuo cha namna hiyo hakianzi na kiwanja wala na majengo, bali na nafasi ya mwanafunzi ndani ya meli. Nalisema hili kwanza kwa sababu watu wema wawili wamekwisha kuniahidi ardhi, na bado hajapatikana hata mmoja wa kuniahidi kitanda kimoja baharini cha kadeti, yaani mwanafunzi wa uofisa anayejifunzia melini.

Kazi ya ofisa duniani kote inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 kuhusu mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, ambao mabaharia wote huuita STCW, uliofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na mwaka 2010. Chini ya mkataba huo, kijana anayetaka kuwa ofisa wa zamu upande wa sitaha, yaani wa kuongoza meli, lazima awe ametimiza umri wa miaka 18, awe amesoma mafunzo yaliyoidhinishwa, na awe amehudumu baharini kwa miezi isiyopungua 12 huku akijaza daftari la mafunzo, na kati ya hiyo, miezi isiyopungua sita awe ameshika zamu kwenye daraja la meli, yaani chumba cha kuongozea, chini ya uangalizi wa nahodha au ofisa mwenye sifa. Asiyepitia mpango wa mafunzo wa namna hiyo hutakiwa awe na miezi 36 ya utumishi baharini. Darasa likiwa zuri namna gani, bila miezi hiyo kijana hapati cheti cha umahiri, na bila cheti hicho hakuna nahodha atakayemkabidhi zamu ya usiku.

Haya niliyajua kwa maumivu. Nilipomaliza masomo Dar es Salaam nilikaa miaka miwili na miezi minne nikisubiri meli. Katika kusubiri huko alijitokeza wakala aliyesema anaweza kunipatia nafasi endapo ningelipa kwanza. Baba aliuza mashine ya mtumbwi wake wa dagaa ili fedha hiyo ipatikane, na wakala hatukumwona tena. Leo mkataba wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unakataza mawakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama anazoweza kubebeshwa ni za cheti cha afya kinachotakiwa na sheria, kitabu cha baharia na pasipoti. Kila mzazi wa Kigoma mwenye mtoto anayetaka kwenda baharini alijue hili kabla hajauza chochote.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu zaidi kulisema hapa kwetu. Mkataba wa STCW unahusu meli zinazokwenda baharini, na unaziacha nje zile zinazofanya safari zake zote katika maji ya bara. Maana yake ni kwamba siku zinazohudumiwa katika Ziwa Tanganyika, hata ziwe nyingi kiasi gani, hazihesabiwi kuwa utumishi wa baharini. Nililieleza hilo mbele ya mzee mmoja wa Ujiji, ambaye alishika usukani katika ziwa hili tangu mimi sijaanza shule.

“Safari zangu zote za Mpulungu na Kalemie hazihesabiki?” aliniuliza.

“Kwa cheti cha ziwani zinahesabika, mzee wangu. Kwa cheti cha baharini hazihesabiki.”

Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, “Basi hao watoto waambiwe mapema, mwanangu. Wasije wakalijua jambo hilo wakiwa wamekwisha kulipa karo.”

Ninaandika kwa ajili ya kutimiza agizo lake. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba ziwa halina la kufundisha. Ziwa letu lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita zipatazo 1,470, ambacho kinazidiwa na cha Baikal pekee miongoni mwa maziwa ya dunia; na yeyote aliyevuka upepo wa kusi ukiwa umechafuka hahitaji kuhadithiwa maana ya wimbi. Kijana anaweza kujifunza hapa kufunga na kufungua kamba za meli, kusoma dira, kutambua meli nyingine kwa taa zake usiku, kuzima moto, kushusha boti la kuokolea na kukaa majini akiwa na jaketi la kuokolea bila kupoteza akili. Asichoweza kujifunza hapa ni maji kupwa na kujaa, msongamano wa meli katika mlango mwembamba wa bahari, na tabia ya meli inapotoka maji ya chumvi kuingia maji baridi. Hili la mwisho, ingawa halionekani hapa, linaweza kuelezwa darasani Kigoma, kwa kuwa maji yetu ni baridi. Ubavuni mwa meli kuna alama za ukomo wa kupakia, na alama ya maji baridi iko juu ya ile ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito na huibeba meli zaidi. Meli kubwa iliyopakia sawasawa baharini inaweza kudidimia sentimeta 20 au zaidi kuliko ilivyokuwa ikiingia mtoni, na ofisa asiyelikumbuka hilo ataigusisha chini.

Nilipokuwa nikiondoka nilidhani mji usio na bahari hauwezi kutoa maofisa. Nilibadili mawazo melini, nilipofanya kazi na ofisa wa injini mwenye cheo cha mhandisi wa tatu kutoka Ethiopia, nchi isiyo na pwani tangu Eritrea ilipojitenga mwaka 1993. Alikuwa amesomea uhandisi mitambo chuo kikuu, kisha akapelekwa katika chuo cha ubaharia kilichopo Bahir Dar, kando ya Ziwa Tana, ambako wahitimu wa uhandisi hupewa mafunzo ya meli na kutafutiwa nafasi za ukadeti katika kampuni za nje. Usiku mmoja tulipotoka zamu nilimwuliza ni nini kilichokiwezesha chuo chao, akanijibu kwamba mkataba na wenye meli ulishughulikiwa pamoja na masomo, haukuachiwa mwanafunzi autafute mwenyewe. Sijawahi kusikia maelezo yaliyonifaa kuliko hayo.

Kwa sababu hiyo, ingawa mimi mwenyewe ni mtu wa sitaha, ninashauri Kigoma tuanze na maofisa wa injini. Kanuni ya injini inaruhusu miezi ile 12 iwe mchanganyiko wa mafunzo ya karakana na utumishi baharini, mradi miezi isiyopungua sita iwe ya kushika zamu katika chumba cha injini. Kwa hiyo sehemu ya mafunzo yanayohesabika inaweza kufanyika nchi kavu, palipo na karakana iliyoidhinishwa na mafundi wanaojua kufundisha. Kigoma ni mji wa reli na wa meli tangu mwaka 1914. Watu wa kuchonga vyuma, kuchomelea na kufungua injini tunao, na chelezo cha kupandishia meli tunacho.

Na historia ya mitambo tunayo pia. Baba yangu, ambaye alifanya kazi ya kupaka mafuta katika chumba cha injini, alikuwa akitusimulia habari za Liemba kama wengine wanavyosimulia habari za babu zao. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani walipoamua kuizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Baba alikuwa akiishia kwenye ile grisi. Hakutaka kuongeza neno, na mimi nilipoingia chumba cha injini kwa mara ya kwanza nilijua ni kwa nini.

Chuo chenyewe sipendi kiwe cha Kigoma peke yake. Chuo kikuu cha ubaharia cha Accra kilianza kama chuo cha Ghana mwaka 1958, baadaye kikawa cha nchi tano: Kamerun, Gambia, Ghana, Liberia na Sierra Leone. Ziwa letu lina nchi nne, na mbili kati yake, Burundi na Zambia, hazina bahari kabisa. Wanafunzi, karo na walimu wa nchi nne wangekifanya chuo kisimame, na vyeti vya uofisa vingeendelea kutolewa na mamlaka za nchi husika, huku kwetu tukishirikiana na Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam badala ya kushindana nacho. Kuhusu simuleta, yaani mashine za kuigiza uendeshaji wa meli, ambazo kila mtu anaziulizia kwa kuwa zinapendeza kwenye picha, zitakuja wakati wake. Ni ghali, na haziwezi kuchukua nafasi ya miezi ya baharini.

Kinachoweza kuanza sasa ni mafunzo mafupi ya usalama kwa wafanyakazi wa meli na maboti ya ziwani. Watu walioiona MV Bukoba ikizama Mei 1996, au MV Nyerere ikipinduka Septemba 2018, hawahitaji kushawishiwa. Pamoja na hayo lipo darasa la maandalizi, ambalo tayari tumelianza katika chumba cha shule tulichoazimwa, kila Jumamosi, kwa vijana 11, wanne kati yao wasichana. Tunafanya hisabati, kwa sababu ndiko wengi wao wanakokwama, na tunafanya fizikia na Kiingereza cha melini, kile cha sentensi fupi zilizokubaliwa kimataifa ili amri isieleweke vibaya. Hatutozi karo, na hatumwahidi mtu meli. Msichana mmoja kutoka Kasulu aliniuliza kama idadi ya watakaopokelewa chuoni itapangwa kwa ukubwa wa darasa au kwa nafasi za melini. Nilimwambia ni kwa nafasi za melini, hata zikiwa mbili.

Ninachokitafuta kwa sasa ni mhandisi wa meli, mstaafu au anayekaribia kustaafu, mwenye cheti cha umahiri cha daraja la pili au la kwanza, atakayekubali kukaa Kigoma walau miezi sita na kutusaidia kuandika mpango wa karakana utakaoweza kupelekwa kwa mamlaka ili uidhinishwe. Natafuta pia mabaharia wenzangu walio kazini ambao kampuni zao hupokea makadeti, wanieleze ni nani wa kuandikiwa. Mshahara wa kumpa mhandisi bado hatuna, ila nyumbani kwetu Katonga kuna chumba kinachotazama ziwa, na baba amekwisha kuhamisha vitu vyake.