Mapipa ya Shinkolobwe

Agosti 1995, mjini Likasi, Kongo, umeme ulikuwa umekatika tena. Tulikaa nje na kambo, babu yangu mzaa mama, tukisikiliza redio ya betri. Mtangazaji akasema imetimia miaka 50 tangu bomu la atomiki la Marekani liangushwe Hiroshima, Japani. Mimi, mwanafunzi wa sekondari niliyekariri daftari zima la historia, nikaona nafasi ya kujitapa ndiyo hii.

Nikamweleza yote. Jumapili asubuhi, tarehe 7 Desemba 1941, ndege za Japani zaidi ya 350 zilivamia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani, kwa kushtukiza. Wamarekani zaidi ya 2,400 wakafa. Nchi yao ikapandwa na hasira, ikaunda bomu la kulipiza kisasi. Ndivyo mwalimu alivyotufundisha, na kwa kweli ni hadithi inayokaa vizuri kichwani.

Kambo akapunguza sauti ya redio. "Ilikuwa mwaka gani, unasema?"

"1941, kambo."

"Basi mwalimu wako anadanganya. Ile mawe ya bomu tulipakia mbele ya hapo. Ilikuwa mwaka ule Ubelgiji ilianguka, 1940."

Ujanani alifanya kazi kwenye mgodi wa uraniumu wa Shinkolobwe, kama kilomita 20 kutoka pale tulipokaa. Mgodi wenyewe ulikuwa umefungwa tangu 1937, maji yamejaa ndani. Walichohamisha ni shehena iliyolala juu: mawe meusi, mazito, yaliyochambuliwa kwa mkono na kutiwa kwenye mapipa ya chuma. Pipa si kubwa, alisema, lakini wanaume wanne walilibingirisha huku wakitukana. Hapo alicheka mpaka akakohoa. Kapita, msimamizi wao, aliwaambia tu kwamba mzigo unakwenda bandari ya Lobito, Angola, kwenye meli.

Nilibisha, bila shaka. Miaka mingi baadaye ndipo niliposoma habari za Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi ule. Wanasayansi walikuwa wamemdokeza mwaka 1939 kwamba madini yale yangeweza kuzaa silaha ya kutisha. Mwaka uliofuata, kwa kuhofia yasiangukie mikononi mwa Wajerumani, akapeleka tani zipatazo 1,250 New York, zikawekwa ghalani Staten Island. Oksidi ya uraniumu ndani yake ilifika asilimia 65. Marekani na Kanada, asilimia 0.3 ilihesabiwa bahati. Kanali Kenneth Nichols, wa mradi wa bomu wa Marekani, alipomwendea Sengier New York Septemba 1942 kuulizia mawe ya Kongo, akaambiwa yako papo hapo mjini. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mkutano wa Washington ulioamua kuisukuma kazi ya bomu kwa nguvu zote ulifanyika tarehe 6 Desemba 1941, siku moja kabla ya Pearl Harbor. Hofu kwamba Hitler angetangulia kuunda bomu ilikuwa imeshaanzisha kazi hiyo kabla ndege za Japani hazijaruka.

Lakini mwaka ule sikuyajua haya. Shule zilipofunguliwa mwalimu akatupa swali: kwa nini Marekani iliunda bomu la atomiki? Nikaandika Pearl Harbor, nikapata alama zote. Kambo alipoiona karatasi, akauliza kama shuleni kwetu wanaruhusu wazee kuja kubishana.