Chumvi kwanza: kufufua skrambla ya zamani ukiwa Mombasa

Skrambla, yaani pikipiki ya njia mbovu, iliyolala Nakuru bara miaka kumi na ile iliyolala Bamburi, ufukweni mwa Mombasa, miaka kumi si kazi moja, hata kama zilitoka kiwandani siku moja. Ya Nakuru utaikuta na vumbi, nyaya zilizotafunwa na panya, na tairi zilizopasuka. Ya Bamburi utaikuta imeliwa. Upepo wa bahari huingia kwenye kila bomba lililo wazi, unyevu ukatua usiku, na chumvi ikabaki chuma kinapokauka asubuhi. Maelezo mengi ya ukarabati yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na huanza na injini. Huku kwetu anza na chumvi. Usipoitoa, kila utakachofanya juu yake utakirudia.

Nitazungumzia Yamaha DT175, kwa kuwa ni mashine nyepesi na ya stroki mbili isiyo na mambo mengi. Ukoo wake ulianza na DT1 ya 1968. Silinda ina kipenyo cha milimita 66, pistoni inasafiri milimita 50, jumla cc 171, na inapozwa na hewa tu. Ukiwa na TS ya Suzuki, sehemu kubwa ya haya itakufaa vilevile. XL ya Honda ni ya stroki nne, kwa hiyo chukua ya chumvi, bolti, tangi na fremu, uyaache ya injini ya stroki mbili.

Unapokwenda kuiangalia kabla ya kununua, usishughulike sana na kama injini inawaka. Injini ya stroki mbili hutengenezeka. Angalia mirija ya foki ya mbele: krome ikiwa na vidonda pale inapopita sili (mpira wa kuzuia mafuta yasivuje), sili mpya zitachanika ndani ya wiki chache na mafuta yatavuja hadi kwenye breki. Angalia rimu za chuma upande wa ndani, ukiweza kufunua tairi, kwa maana huoza chini ya tyubu huku nje ziking'aa. Gonga fremu kwa bisibisi chini ya tangi na pale mkono wa nyuma unaoshika gurudumu unapoungana na fremu. Sauti ikiwa butu au chuma kikibonyea, hapo ndani hamna kitu. Kisha linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za logibuku, herufi kwa herufi. Namba isiyosomeka kwa kutu ni sababu tosha ya kuondoka na pesa zako.

Ikishafika nyumbani, ioshe. Lakini si kwa maji ya kisima. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvichumvi, na ukiosha chuma kilicho wazi kwa maji hayo umeongeza kile kile unachotaka kutoa. Tumia maji matamu ya mfereji au ya mvua. Kama huna hakika na maji uliyonayo, dondosha tone kwenye kioo ulikaushe juani. Likiacha doa jeupe zito, hayo ni ya kuoshea sakafu. Ziba kabureta na eksozi kwa mfuko wa plastiki, sugua matope na grisi kwa mafuta ya taa na brashi, kisha sabuni, kisha suuza mara tatu kwa maji matamu. Kausha siku hiyo hiyo na upulizie mafuta mepesi kila mahali.

Bolti ndizo zitakazokula muda wako. Chuma kikikaa ndani ya alumini penye chumvi, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe unaovimba na kuibana bolti. Changanya mafuta ya gia otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, tia matone kila jioni kwa siku nne au tano, na tikisa kabla ya kila matumizi kwa sababu hujitenga. Siku ya kufungua, pasha moto alumini iliyoizunguka bolti, si bolti yenyewe. Skrubu za msalaba za pikipiki za Kijapani zina umbo lao. Bisibisi ya kawaida ya msalaba huteleza na kukata kichwa. Pata bisibisi ya JIS, yaani ya kipimo cha Kijapani, au ile ya kugongwa kwa nyundo inayozunguka yenyewe. Unaporudisha, paka kila bolti grisi ya shaba. Kuna wanaobadilisha zote kuwa za stenlesi wakidhani wamemaliza shida. Stenlesi ndani ya alumini bila grisi, karibu na bahari, huila alumini haraka kuliko bolti ya kawaida.

Pistoni ikiwa imekwama, usikanyage kiki. Utavunja gia ya kiki au kupinda konrodi. Toa plagi, mimina mchanganyiko ule ule wa bolti kiasi cha kikombe cha kahawa, uache siku tatu. Ikigoma, fungua kichwa, weka kipande cha mbao juu ya pistoni na ugonge polepole.

Hata kama inazunguka vizuri, injini iliyolala Pwani lazima ifunguliwe mpaka chini. Katika stroki mbili beringi za krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, hazikai ndani ya oili kama kwenye boda. Hulainishwa na oili inayokuja pamoja na petroli. Injini ikizimwa, ukungu mwembamba tu wa oili hubaki, na hewa ya bahari hupitia eksozi mpaka kwenye vigololi. Beringi ikishapata vishimo vya kutu italia kama mashine ya kusaga, na vipande vyake vitapanda hadi kwenye pistoni mpya uliyolipia. Namba ya beringi imegongwa ubavuni, mfano 6305, na duka lolote la beringi litakupa. Usisahau herufi C3 baada ya namba. Maana yake ni kuwa ndani mna nafasi kubwa kidogo ya kupanuka kwa joto. Beringi ya kawaida ikiwekwa kwenye krenki hubana injini ikichemka. Sili nazo huandikwa vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene.

Sili za krenki ndizo zinazoua pikipiki nyingi zilizofufuliwa. Ya upande wa magneto (kinachozalisha umeme wa plagi) ikikauka, injini huvuta hewa isiyopitia kabureta, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, na pistoni inang'ang'ania silinda siku ya pili. Ya upande wa klachi ikikauka, injini hunywa oili ya gia: moshi mweupe mzito, na kiwango cha oili kinashuka bila kuvuja chini. Badilisha zote mbili hata kama zinaonekana nzima.

Halafu pima kama injini inavuja hewa. Kipimo bora hakiko kwenye duka la vipuri. Kiko kwenye duka la dawa. Chukua mashine ya kupimia presha ya damu, ile ya mpira wa kubinya na saa yenye mshale, na utoe mshipi wa mkononi. Ziba tundu la eksozi kwa mpira na bamba lililokazwa kwa bolti zake, ziba mpira wa kabureta kwa kipande cha mbao kilichochongwa na klipu, kisha unganisha mpira wa mashine na tundu la plagi kwa kutumia plagi kuukuu iliyotobolewa. Binya hadi 300 kwenye saa. Hiyo ni karibu baa 0.4, na inatosha. Ukizidisha utazisukuma sili kutoka mahali pake. Sasa mtazame mshale kwa dakika sita. Ukisimama au ukishuka kidogo sana, injini imeziba. Ukishuka zaidi ya 50 kwa dakika, paka povu la sabuni kwenye gasketi, kwenye sili ya magneto, na pale kasha mbili za injini zinapokutana. Povu litachemka palipo na tundu. Kama hakuna povu popote na mshale unashuka, fungua kifuniko cha kujazia oili ya gia upake povu mdomoni pake: sili ya klachi inapitisha. Pistoni yaweza kuuzwa kwako mara mbili kwa kuruka nusu saa hii.

Silinda yenyewe ipimwe kwa mikrometa ya ndani, juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Tofauti ikizidi milimita 0.05, ichongwe. Pistoni za saizi ya juu hupanda kwa milimita 0.25: 66.25, 66.50, na kuendelea. Nunua pistoni kwanza, umpelekee fundi wa mashine pamoja na silinda, achonge kufuata pistoni uliyo nayo mkononi na nafasi ambayo kitabu cha modeli yako kinasema. Hapo mwambie jambo moja waziwazi: kingo za madirisha ya silinda, yale matundu ya ubavuni ya kupitishia mchanganyiko na moshi, zilainishwe baada ya kuchonga. Mafundi wengi wa sasa wamezoea silinda za boda za stroki nne ambazo hazina madirisha, na hili huwapita. Ukingo ukiachwa mkali, ringi hunasa na kukatika dakika za kwanza. Pitisha kidole ndani. Ukihisi ukali hata kidogo, irudishe. Kisha ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, isawazishe kwa kuisukuma na pistoni, na upime mwanya wake kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi: kati ya milimita 0.3 na 0.5. Wakati wa kufunga, mwanya wa ringi ukae juu ya pini yake ndogo iliyomo kwenye mfereji wa pistoni.

Tangi likiwa na kutu ndani, usitie mchanga. Mwaga petroli yote nje, mbali na jiko, ulioshe kwa sabuni. Tia asidi ya sitriki, ule unga mweupe wa uchachu unaotumika kwenye vyakula, gramu 100 kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu, pamoja na ukonzi wa nati kuukuu. Litikise kila baada ya saa chache, uliache usiku kucha. Asubuhi mwaga, suuza kwa maji yenye vijiko vitatu vya magadi ili kuua asidi, kisha maji matamu. Kutoka hapo huna muda. Kwa unyevu wa huku, chuma kilicho safi hugeuka rangi ya chungwa ukiwa bado unatafuta kitambaa. Drayeri ya nywele iwe imeshachomekwa. Kausha kwa hewa ya moto, na mara tu linapokauka likapoa, lizungushie oili ya stroki mbili iliyolegezwa kwa petroli kidogo.

Kwenye fremu, kukwangua hadi chuma king'ae hakutoshi, maana chumvi hujificha ndani ya vishimo. Ukipaka rangi juu yake, baada ya miezi michache itavimba malengelenge pale pale. Kwa hiyo kwangua, sugua kwa brashi na maji matamu ya moto, kausha, kisha uiache fremu uchi usiku mmoja. Asubuhi itakuonyesha yenyewe: madoa meusi au yenye unyevu ndiyo mahali chumvi ilipobaki. Rudia hapo tu, mara mbili au tatu, mpaka asubuhi moja uikute imetulia. Siku hiyo ipige msasa mwepesi na upake praima ya epoksi kabla ya jioni. Ndani ya mirija piga mafuta mazito kwa bomba la kupulizia.

Msimu nao ni sehemu ya kazi. Rangi ya juu ipigwe wakati wa kaskazi, Januari na Februari, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa. Ukipiga wakati wa masika, unyevu hutua kwenye rangi mbichi ikapauka kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Rangi za kuchanganya na hadina (dawa ya kuzigandisha) ni imara kuliko zote, lakini mvuke wake huharibu mapafu. Kitambaa puani hakisaidii, tafuta barakoa yenye vichujio vya kemikali na ufanyie kazi nje.

Mengine ni mafupi. Vumbi la breki za zamani laweza kuwa na asbesto, kwa hiyo usilipulize. Lifute kwa kitambaa kibichi. Kabureta ifunguliwe yote, na tundu za jeti zisafishwe kwa unywele mmoja wa waya wa shaba, si kwa sindano. Skrubu ya hewa ianzie mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipofunga. Magneto itolewe kwa pula yake, kutu iliyo kati ya sumaku na koili isuguliwe kwa msasa laini. Kabla hujalaumu koili, safisha mahali waya wa aathi (wa kurudisha umeme kwenye fremu) unapogusa fremu, hasa kama umepaka rangi mpya.

Pampu ya oili ya zamani usiiamini mwanzoni. Changanya oili kwenye petroli mwenyewe, moja kwa ishirini na tano, yaani mililita 200 kwa lita tano. Iwashe kwa dakika tatu, izime, ipoe kabisa. Rudia mara tatu, kisha kaza nati za kichwa ikiwa baridi. Kwa kilomita 500 za kwanza usizungushe mkono wa mafuta kupita nusu, wala usiibebeshe mtu. Toa plagi baada ya mwendo wa robo saa uiangalie: rangi ya chai ya maziwa ni sawa. Nyeusi na mbichi, punguza petroli kwenye kabureta au tafuta udhaifu wa moto. Nyeupe, usiwashe tena hadi ujue hewa inaingilia wapi. Toa ile mashine ya presha kabatini uanze upya kwenye sili ya magneto.